Nilijifungua njiti wiki ya 30, nesi akasema kondo la nyuma halikuwa zuri. Mwenye uelewa anisaidie

mama_kangaruu
Habari zenu wadau. Mnisamehe kwa urefu, nina jambo limenikaa kifuani miezi sasa na nyumbani sina wa kumuuliza maana kila ninayemuuliza ana jibu lake tayari mfukoni.

Mimba yangu ya kwanza ilikwenda vizuri tu, isipokuwa nilipokuwa na miezi mitatu niliona matone ya damu kwenye nguo ya ndani, siku mbili tatu hivi, ile damu ya kahawia. Nikaenda kliniki wakaniambia pumzika, ikakata yenyewe, tukasahau. Presha haikuwahi kupanda hata siku moja, sukari hakuna, mkojo safi. Wiki ya 30, usiku wa kuamkia Jumapili, mgongo ukaanza kuuma, nikajua ni yale mashuka niliyofua mchana, nikajipaka dawa ya kuchua nikalala. Saa tisa usiku maumivu yakawa yanakuja yanaondoka, yanakuja yanaondoka, mpaka mume wangu anarudi na bajaji mimi nimeshikilia nondo za dirisha. Tunafika leba njia imeshafunguka sentimita 7, zile sindano za kukomaza mapafu ya mtoto walichoma moja tu, ya pili haikuwahi, mtoto huyo. Kilo moja na gramu mia tatu. Yuko hai jamani msiwe na hofu, hapa ninavyoandika ananivuta nywele, tulikaa kangaruu wiki tano mimi na baba yake tunapokezana kifua.

Sasa kinachonisumbua. Kondo lilipotoka yule nesi, mama mtu mzima, aliligeuza kwenye beseni akaniambia "mama, kondo lako hili halikuwa zuri". Nikachungulia kwa pembeni. Ule upande wa nyama nyama kulikuwa na donge jeusi limenata kama kipande cha ini, alipolibandua pakabaki kishimo, kama ukibonyeza kidole kwenye unga uliokandwa. Akasema kwa sauti ya chini "hili liliachia zamani", akalitia kwenye ndoo, ndoo ikaenda kwenye shimo la kondo huko nyuma ya wodi, mambo yakaishia hapo. Mimi nilikuwa natetemeka hata sikuuliza.

Mama mkwe anasema nilibeba ndoo za maji. Shangazi wa mume anasema nimetiwa mkono. Dada yangu anasema ni yutiai. Daktari wa kliniki ya mtoto akasema "inatokea tu". Mimi nataka kujua, kondo linaweza kweli kuanzisha uchungu kabla ya wakati wakati presha sina? Na kama shida ilikuwa kondo, mimba ijayo nifanyeje, maana kondo si linaota jipya kila mimba?

Kipanga
Pole sana shemeji. Ila shangazi usimpuuze moja kwa moja, kijijini kwetu kuna mama alizaa njiti mara tatu, walipohama nyumba, mimba ya nne ikafika miezi tisa. Sayansi si kila kitu.

mkunga_mkongwe
Kipanga, hiyo nyumba mpya haikuwa karibu na kituo cha afya kweli? Naendelea.

Dada pole na hongera, vyote viwili unastahili. Mimi ni mkunga, nina miaka 19 leba, makondo niliyoyageuza kwa mikono hii siwezi kuyahesabu. Lako sikuliona kwa hiyo nasoma tu ulichoandika.

Ndoo za maji tuzitue kwanza. Wanaobeba ndoo mpaka wiki ya 40 tunawazalisha kila siku. Na kinyume chake pia, kumlaza mama kitandani miezi mitatu asinyanyue hata mwiko hakujaonekana kuzuia njiti, kunamuongezea tu hatari ya damu kuganda miguuni. Mama mkwe mwambie kwa upole, lakini mwambie.

Swali lako la kwanza jibu ni ndiyo, tena sana. Watu tumezoea kuliona kondo kama bomba la chakula, mtoto akitoka linatupwa basi. Lakini mimba ikishafika wiki ya 8 mpaka 10 hivi kondo ndilo linachukua kazi ya kutengeneza projesteroni, homoni inayoubembeleza mji wa mimba utulie usikaze. Kondo hilo hilo linatoa homoni nyingine inaitwa CRH, inapanda pole pole kadiri wiki zinavyokwenda, mwishoni inapanda kwa kasi na hapo uchungu uko jirani. Watafiti wa Newcastle, ile ya Australia, walionyesha mwaka 1995 kwamba wanawake waliokuja kuzaa mapema CRH yao ilikuwa juu tangu wiki ya 16 mpaka 20, na waliopitiliza ilikuwa chini. Yaani saa ilishategwa mimba haijafika hata nusu. (Usikimbilie maabara kuomba hicho kipimo, kwa mtu mmoja mmoja kinakosea mno ndo maana hakitumiki kliniki.)

Turudi kwako. Kilichonifanya nikae vizuri kwenye kiti ni vitu viwili ukiviweka pamoja, damu ya kahawia ya miezi mitatu na lile donge lililoacha kishimo. Kila kondo hutoka na madonge ya damu mabichi, yanateleza, ukipitisha kidole yanaondoka na nyama chini yake iko vile vile. Likiwa limenata, gumu, na limeibonyeza nyama mpaka pamebaki alama, hilo lilikaa pale siku nyingi. Huyo mama mtu mzima alijua anachosema. Inaelekea kondo lilijiachia kipande kidogo, damu ikavuja ikakaa katikati, kati ya kondo na ukuta wa mji wa mimba. Mara nyingine inatoka nje kidogo ndo hiyo kahawia, mara nyingine haitoki hata tone mama hajui kitu.

Sasa damu hiyo inaletaje uchungu? Damu ikivuja lazima igande, na inapoganda mwili unatengeneza kitu kinaitwa thrombini. Kwenye kidonda cha mguu thrombini ni rafiki. Ndani ya mji wa mimba ni mchokozi, inakazisha misuli, halafu inaamsha vimeng'enya vinavyotafuna ngozi ya chupa mpaka inalegea. Ndo maana mwingine anaanza na maumivu kama wewe, mwingine chupa inapasuka tu amekaa anaangalia tamthilia. Mlango ni tofauti ila nyumba moja.

Na kwa nini kondo liachie? Mara nyingi tatizo limeanza mapema, mizizi haikushika vizuri. Mwanzoni mwa mimba chembe za kondo zinaingia kwenye mishipa ya damu ya mji wa mimba, ile iliyojipinda kama springi, zinaondoa misuli ya kwenye kuta zake ili mishipa ibaki imepanuka haiwezi tena kujibana, damu iingie kwa utulivu. Kazi hiyo ikifanyika nusu nusu mishipa inabaki myembamba, damu inaingia kwa kuruka ruka kama maji ya bomba lenye hewa, vipande vya kondo vinakosa damu vinakufa, na mshipa mbovu ukipasuka ndo hiyo damu nyuma ya kondo. Zamani sisi tulifundishwa hii ni habari ya presha na kifafa cha mimba tu. Siku hizi inajulikana mishipa ya hivyo imekutwa pia kwa akina mama ambao uchungu umeanza wenyewe na presha yao iko 110 kwa 70. Kwa hiyo kusema "presha sina basi kondo ni zima" haifuati.

mama_kangaruu
Nimesoma mara tatu. Nimelia kidogo, si kwa ubaya, ni kwamba hakuna aliyewahi kunieleza kwamba kulikuwa na kitu cha kuelezwa. Kwa hiyo dada yangu na yutiai yake amekosea kabisa?

mzee_wa_darubini
Dada yako hajakosea kwa ujumla, amekosea kukupa wewe hukumu bila ushahidi, na ushahidi wenyewe uko kwenye shimo. Mimi niko maabara ya patholojia, naomba niongeze pale mkunga alipoishia.

Maambukizi ni moja ya sababu kubwa sana, na mtoto anavyozidi kuja mapema ndivyo tunavyozidi kuyakuta. Kondo la wiki ya 24 na kondo la wiki ya 35 mara nyingi hayana hadithi moja. Bakteria wanapanda kutoka ukeni, wanapita mlango wa kizazi, wanafika kwenye ngozi ya chupa. Mama anaweza asiwe na homa, asiwe na harufu, asiwe na chochote. Lakini ukikata kipande cha ile ngozi ukakiweka chini ya darubini unaona chembe nyeupe za mama zimejipanga kama askari wanaoelekea mtaa wenye fujo, na hali ikiendelea chembe nyeupe za mtoto mwenyewe nazo zinatoka kwenye mishipa ya kitovu. Hiyo vita ndiyo inayozalisha prostaglandini na prostaglandini ndizo zinazokaza tumbo. Kwa macho tu ngozi ya chupa yenye afya inang'aa na unaweza kuona vidole vyako kwa upande wa pili, ikiwa imefifia kama karatasi ya nailoni iliyochakaa au ina rangi ya kijani au manjano unaanza kushuku.

Yutiai ya kwenye mkojo ni kitu kingine, nayo isipotibiwa inaongeza hatari, ndo maana mkojo unapimwa kliniki. Wako ulikuwa safi umesema.

Ila naomba nimpunguze kasi kidogo mkunga wetu. Donge lenye kishimo ni ishara nzuri ya kufuatilia, haitoshi kufunga kesi. Tunakuta makondo yenye vitu viwili kwa pamoja, damu na maambukizi. Tunakuta mengine ya njiti ambayo ni safi kabisa huoni kitu. Na tunakuta madoa yale yale kwenye makondo ya watoto wa kilo tatu na nusu waliozaliwa kwa wakati wao. Mwaka 2014 wataalamu wa kondo walikutana Amsterdam kukubaliana majina na vipimo maana kila mtu alikuwa anaandika lake, huyu anaita hivi yule anaita vile, sasa utalinganishaje?

Kinachoniuma mimi ni kwamba makondo hayatufikii. Yanapimwa nini leba? Limetoka lote au halijatoka lote, basi. Na kondo halina masharti magumu, linaweza kukaa kwenye friji ya kawaida siku kadhaa likaletwa likiwa bado linasomeka, mradi lisigandishwe kwenye friza. Au linatiwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi. Nimewahi kuletewa limegandishwa kama kuku, chembe zote zimepasuka, unabaki kulitazama tu.

mkunga_mkongwe
Kasi nimepunguza mzee 😂 ila na wewe leba yenye mama wanane na wakunga wawili ungegeuza beseni ngapi? Tunaangalia limetoka lote kwa sababu kipande kikibaki mama anatoka damu anakufa usiku huo huo. Hilo la kwanza. Hayo mengine mwenye nafasi anayaona, kama yule aliyemzalisha mama_kangaruu.

zalio_la_bibi
Mwaniruhusu nami? Mie ni wa Kilifi. Kwetu zalio haliachwi hospitali, lachukuliwa likazikwa nyumbani. Mwanangu wa pili alikuja wiki ya 33, bibi yangu akalichukua kwenye mfuko, kabla ya kulizika akaliosha akaligeuza mkononi akasema hili lina chumvi. Kweli lilikuwa na chembe chembe nyeupe ukipitisha kidole lakwaruza. Akasema ndilo lilomfukuza mtoto, lizeeka mapema. Mkunga, ni kweli hiyo chumvi?

mkunga_mkongwe
Bibi ana jicho. Hiyo chumvi ni chokaa, kalsiamu, inajijenga kadiri kondo linavyokua na mimba ikifika wiki 38, 39 karibu kila kondo linayo na watoto wanatoka wazima wanalia, kwa hiyo yenyewe siiogopi. Ikija mapema sana na nyingi, hasa kwa mama anayevuta sigara au mwenye presha, inaweza kwenda pamoja na kondo lisilolishwa vizuri. Lakini kwamba chumvi ndiyo iliyomfukuza mtoto, hapana, hiyo siwezi kusema. Neno "limezeeka" linatumika ovyo sana, hata kwenye skani mtu anaambiwa kondo limezeeka anarudi nyumbani halali.

Ulikuwa unakunywa vidonge vya malaria vya kliniki?

zalio_la_bibi
Nilikunywa mara moja tu wallahi, vikanitapisha nikaacha. Na homa sikuwa nayo, nilipimwa kidole wakasema hakuna kitu.

mzee_wa_darubini
Hapo ndipo pa kukaa kidogo, hasa kwetu huku pwani na kanda ya ziwa. Kimelea cha malaria, falsiparumu, kikiingia kwenye chembe nyekundu za damu ya mama mjamzito kinazifanya zinate kwenye kondo. Kinajificha huko, hakizunguki sana kwenye damu ya kidoleni. Kwa hiyo kipimo cha kidole kinaweza kusema hakuna wakati kondo limejaa. Ukilikata ukaliangalia unaona vumbi la kahawia nyeusi limetapakaa, hayo ni mabaki ya chakula cha kimelea. Mama hana homa, anaenda sokoni anarudi, kondo linapigana peke yake. Watoto wanazaliwa na uzito mdogo, wengine wanakuja kabla ya siku zao.

Na mimba ya kwanza ndiyo inayoumia zaidi. Mtu mzima aliyekulia kwenye malaria ana kinga, lakini hii malaria ya kondo mwili haujawahi kukutana nayo kwa sababu hakujawahi kuwa na kondo. Kila mimba inaongeza kinga kidogo. Ndo maana ya vile vidonge vya SP, unaanza mimba ikishafika miezi mitatu kamili, wiki ya 13 hivi, kila unapokuja kliniki mwezi ukiwa umepita unameza, angalau mara tatu. Unapewa hata kama kipimo kinasema huna, watu wengi hili haliwaingii akilini, wanasema mbona napewa dawa siumwi.

Tahadhari mbili. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP. Na foliki asidi ile ya miligramu 5 inaua nguvu ya SP, inayotakiwa ni ile ndogo ya 0.4, kwa hiyo ukinunua mwenyewe duka la dawa soma kwenye boksi.

Siwezi kusema zalio lako lilikuwa na malaria. Nasema tu kupimwa kidole hakutoshi kusema halikuwa nayo.

tukoOhio
Mie naandika kutoka huku Marekani, mama_kangaruu kisa chako kama ulichungulia kadi yangu. Mimba ya kwanza wiki ya 31, presha sawa, uchungu ukaanza kazini. Tofauti ni kwamba huku mtoto akizaliwa kabla ya wakati kondo mara nyingi linatumwa maabara, baada ya wiki mbili nikapewa ripoti kurasa mbili. Sikuelewa hata mstari, nikamwomba daktari anieleze kama anamweleza mama yangu. Akasema damu yako wewe haikuwa inafika vizuri kwenye kondo, kuna sehemu zimekufa, kondo lenyewe dogo kuliko wiki zake, maambukizi hakuna. Nilivyosikia maambukizi hakuna nilipumua, maana nilishajilaumu kwa mengi.

Mimba ya pili 2019 wakanianzishia aspirini ndogo ile ya miligramu 81 wiki ya 12, wakanipima urefu wa mlango wa kizazi kwa skani ya kuingiza chini, na kila wiki nikachomwa sindano ya projesteroni kwenye paja. Nikafika wiki 38. Cha kuchekesha, au cha kusikitisha sijui, hiyo sindano mwaka 2023 serikali ya huku iliiondoa sokoni, utafiti mkubwa ulionyesha haizuii njiti. Matundu yote yale! Kwa hiyo kilichonisaidia ni nini, aspirini au bahati au Mungu, kila mtu kwenye familia ana lake.

duka_la_kona
Aspirini ndiyo. Mimi nauza dawa, kila mjamzito angepewa ya 75 toka mwanzo njiti zingeisha nchini.

mkunga_mkongwe
duka_la_kona taratibu ndugu yangu, hivyo ndivyo watu wanavyojinunulia.

Utafiti upo na ni mzuri na ulifanyika hata huku kwetu, nchi sita, Kenya imo, Kongo ya Kinshasa imo, Zambia imo, ulitoka 2020. Wanawake karibu 12,000, nusu aspirini ya miligramu 81, nusu nyingine kidonge kitupu kisicho na dawa, walianza kati ya wiki ya 6 na ya 13. Waliokuwa kwenye kidonge kitupu walizaa kabla ya wiki 37 asilimia 13.1, wenye aspirini 11.6. Kwa hiyo katika wanawake 100 umemwokoa mmoja na nusu. Kwa nchi nzima ni watoto wengi sana, ila njiti kuisha ndo umeshaona mwenyewe. Na wale wote ilikuwa mimba zao za kwanza, mama_kangaruu sasa si wa kundi hilo, na aliwahi kuvuja damu, kwa hiyo aspirini yake iamuliwe na daktari aliyeisoma historia yake, siyo dirishani kwako.

mama_kangaruu swali lako la mwisho, kondo linaota jipya kila mimba, ndiyo, lakini linaota kwenye shamba lile lile. Kuzaa njiti mara moja kunaongeza hatari ya kuzaa njiti tena, ila wengi wanaorudi kwetu na historia kama yako wanafika. Kama ungekuwa dada yangu wa damu ningekwambia hivi. Usibebe nyingine haraka, mwili ukae kama miaka miwili. Ukikosa siku zako nenda kliniki mapema sana, usisubiri tumbo lionekane, kwa sababu aspirini na hesabu ya wiki vyote ni vya mwanzoni. Piga skani mapema upate tarehe ya uhakika. Kati ya wiki ya 18 na 24 ukipata hospitali yenye mtaalamu wapime mlango wa kizazi, ukiwa chini ya milimita 25 kuna projesteroni ya kuweka ukeni na wengine wanashonwa, na hiyo ya kuweka ukeni usiichanganye na sindano ya dada wa Ohio, ni mbili tofauti. SP usiruke.

Na lile la mgongo. Maumivu yanayokuja na kuondoka kabla ya wiki 37 usijichue. Njoo. Hata kama utarudishwa nyumbani ukicheka, njoo. Ile sindano ya mapafu ni deksamethasoni, inachomwa mara nne kila baada ya saa 12, wewe ulipata moja. Ungekuja saa tatu usiku badala ya saa tisa hiyo moja ingepata muda zaidi wa kufanya kazi. Sikulaumu, mimi mwenyewe mgongo ukiuma najichua.

Kipanga
Mkunga leo umenikalisha chini. Swali la kijinga, sisi waume tunaweza kuomba hilo kondo liangaliwe au tutafukuzwa?

mkunga_mkongwe
Si la kijinga. Omba kabla, kliniki, iandikwe kwenye kadi. Ukija kuomba mtoto ameshatoka na mimi nina damu mpaka kwenye viwiko nitakufukuza kweli.

mama_kangaruu
Nimeitoa kadi kabatini usiku huu mtoto amelala. Nimeitafuta sehemu ya kondo nimeipata, imeandikwa "limetoka lote" na saini. Hakuna donge, hakuna kishimo, hakuna uzito. Yule mama aliona akaniambia mimi tu.

mkunga_mkongwe
Ndiyo hivyo. Chukua kalamu, andika mwenyewe pembeni, kwa maneno yako yale yale uliyotuandikia hapa, na tarehe. Na ile damu ya miezi mitatu pia. Daktari wa mimba ijayo asome.

mama_kangaruu
Nimeandika. Nafasi ilikuwa ndogo nimezungukia mpaka kwenye ukurasa wa chanjo. "Donge jeusi limenata kama ini, likaacha kishimo. Nesi amesema liliachia zamani. Damu ya kahawia miezi mitatu, siku tatu." Mume ameuliza naandika nini saa tano usiku, nikamwambia lala.